Barua ya Ilham Kutoka Thornton Heath

Watu wakiandika habari za ugonjwa huanza na shukrani: Mungu, madaktari, majirani. Mie nitaanza na wifi yangu. Shukrani zipo, zitakuja, na wanaozistahiki wanajijua. Lakini kama wewe ni mama, umekaa kwenye ukumbi wa kungojea hospitali, mtoto kakuegemea ubavuni na uso umemvimba hata wewe mwenyewe humtambui, sitaki kukudanganya kwamba utatoka hapo na moyo mweupe. Mie nimetoka na mtoto mzima, alhamdulillahi, na kinyongo kizima vilevile.

Mwanangu anaitwa Ilham. Alikuwa na miaka minane ilipoanza, majira ya baridi, zile siku ambazo London jua linazama saa kumi na watoto wanatoka skuli na giza lao. Aliamka asubuhi macho yamevimba. Nikasema paka wa jirani huyo, mzio. Daktari wetu wa Tottenham naye akasema mzio, mara mbili, akatupa dawa ya maji. Wiki ya pili soksi zikawa zinamwachia mfereji miguuni. Wiki ya tatu viatu vya skuli haviingii, tumbo limejaa kama la mama mjamzito, nami nikamvalisha ndara kwenye baridi ile nikamrudisha kwa daktari nikamwambia, "Huyu siondoki naye mpaka mtu ampime." Wakampima mkojo. Jioni ileile tulikuwa wodini.

Figo zinavuja, ndivyo walivyotuambia. Zaidi ya hapo mie sikufahamu na sitajitia kueleza. Ninachokijua ni vile vidonge vidogo vyeupe, vingi kila asubuhi, ninavikoroga kwenye maji, vichungu kama shubiri, halafu kijiko cha jamu. Ninakijua kile kijikaratasi cha kuchovya kwenye mkojo: kikibaki njano tunapumua, kikigeuka kijani siku imeharibika. Na daftari la kuandika kila siku, tarehe na rangi. Walituambia jambo moja wakalirudia mpaka nikaona wananidharau: vidonge hivi havikatishwi ghafla. Ukikatisha, mwili unazimika. Wakatupa na kadi ya kutembea nayo.

Vidonge vikaondoa maji, kisha vikaanza vituko vyao. Uso ukawa mviringo, mashavu yakaning'inia, vinyweleo vikaota mgongoni. Na njaa! Mtoto niliyekuwa nikimbembeleza amalize nusu chapati sasa namkuta kasimama mbele ya friji anakula wali wa jana kwa mkono. Chumvi hapana, kwa hiyo nyumba nzima tukala bila chumvi. Mume wangu, Khamis, alikuwa akiutazama mchuzi kama mtu aliyehukumiwa. Skuli walimpa jina mwanangu, sitaliandika. Akaacha kupigwa picha. Hata leo ukifungua simu yangu, miezi ile ipo picha ya chakula, ya miguu, ya kijikaratasi cha mkojo, ya Ilham hakuna.

Kwetu mgonjwa hutazamwa. Mtu asipokuja kukutazamia mgonjwa wako, anakuwa kakuvunjia heshima. Basi walikuja, Jumamosi na Jumapili, na machungwa na zabibu, wanavua viatu mlangoni, wanamtazama Ilham na kusema, "Mashallah, kanenepa huyu! Mnamlisha nini?" Mtoto anageuza uso ukutani. Nami natia chai.

Wa kwanza siku zote alikuwa wifi Rukia, dada yake Khamis. Mama yao alipofariki, Rukia ndiye aliyemlea Khamis, akamwogesha, akampeleka chuo cha Qur'ani, akamfikisha Uingereza. Ni mjane, anakaa Thornton Heath, kule kusini, na alikuwa mpishi kwenye skuli ya chekechea. Khamis hana ubavu wa kumwambia dadake hapana, na mie nilijua hivyo tangu siku ya posa. Sina haja ya kusema uongo: Rukia alimpenda Ilham. Alimsuka nywele, alimletea kashata. Lakini vidonge vile alivichukia.

"Dawa gani hii inayomfumua mtoto?" aliniuliza. "Kwetu mgonjwa hukonda. Huyu anafura mbele ya macho yenu na nyinyi mnamzidishia."

"Wifi, maji ndiyo yaliyomfurisha. Dawa inayatoa."

"Na mashavu haya? Nayo maji?"

Nilimweleza tena na tena. Alinisikiliza kama anavyosikiliza redio, huku anakunja nguo.

Kila wiki mbili tulikwenda kliniki. Viti vya plastiki, tangi la samaki lenye samaki mmoja, na saa ya ukutani inayokwenda mbele dakika saba, nasi sote wazazi tunajua na bado tunaitazama. Ukutani walikuwa wametundika barua kwenye fremu, nakala za barua za familia moja ya hapahapa London, enzi za Malkia Victoria. Mama anaandika habari za mwanawe mgonjwa wa kuvimba. Chini ya kila barua wamepiga chapa maneno upya kwa herufi kubwa, maana mwandiko wa watu wale ulikuwa kama nyayo za kuku. Mtoto wake aliitwa Wilfred. Mie nilimwita yeye Mama Wilfred.

Mwanzo sikuzijali. Kisha nikaona anamwandikia nani: dada wa mumewe. Nikakaa vizuri.

Yarabi, mwanamke yule alikuwa na ulimi! Anaanza kwa adabu, anatumai barua itamkuta wifi salama, kisha anamweleza: leo buti za Wilfred zimekataa, leo daktari kaamuru maziwa matupu, leo jicho la kushoto limefunguka kidogo na mtoto kaniona. Kisha anageuka. "Mlikuja Jumapili watu sita," anaandika. "Mlimtazama Wilfred dakika tano na keki dakika arubaini." Nilicheka peke yangu kwenye kiti hata baba mmoja akanitazama. Nilisema moyoni, dada, mbona tumepishana? Ungekuja Tottenham nikutilie chai.

Ilham yeye alimpenda Wilfred. Kila barua, mama akimaliza, mtoto naye anaongeza mstari wake chini, kwa mwandiko wake mbovu: anapenda mkate, hapendi maziwa, paka kazaa. Ilham alikuwa akisimama mbele ya fremu na mashavu yake yale, anasoma kwa sauti. Anakielewa Kiswahili chote lakini hunijibu Kiingereza, kama watoto wote wa hapa.

"Mummy," aliniuliza siku moja, "mbona hii haina Wilfred?"

Barua moja, ya karibu na mwisho, ilikuwa fupi kuliko nyingine. Kibao kilieleza kwamba sehemu ya chini imekatwa kwa mkasi, na hakuna ajuaye nani aliikata wala kwa nini. Nikamwambia labda iliungua, labda panya.

"Panya hakati mstari ulionyooka," akasema mwanangu.

Eid ilikuja na machipuko. Mie kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani, kuwaogesha na kuwalisha, na mwaka ule meneja alininyima ruhusa. Khamis naye yuko ghalani zamu mbili. Rukia akasema, "Mlete kwangu siku tatu, akae na Mulhat." Mulhat ni bintiye, ana miaka kumi na tisa, Ilham anamfuata kama kivuli. Nikafungasha begi: nguo, daftari, vijikaratasi, vidonge kwenye kisanduku cha siku, kila siku na kijumba chake. Nikaandika karatasi kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: ASUBUHI BAADA YA CHAI, USIKOSE HATA SIKU MOJA. Nikamkabidhi Rukia mkononi, mlangoni kwake. Akasema, "Kwani mie sijui kulea?"

Siku ya tatu nilikuwa namkosha bibi mmoja wa Kizungu miguu kwenye beseni, simu ikalia. Khamis. Sauti haikuwa yake. Ilham katapika, kalegea, haamki. Rukia alimpigia yeye kwanza badala ya kuita gari la wagonjwa. Khamis ndiye aliyeliita, toka ghalani, mji mzima katikati. Nilimwacha yule bibi miguu majini. Aliniambia nenda mwanangu nenda, Mungu amlipe kheri.

Sitaki kueleza sana siku nne za chumba cha mashine. Midomo ya kijivu. Mikono yake baridi, nami naipulizia. Kulikuwa na mfanyakazi wa usafi, mama wa Kikongo, aliyesikia tunavyozungumza akasimama na mopu lake. "Pole, mama. Mungu iko." Kila asubuhi alipita akasema vilevile, na siku moja aliniwekea andazi la moto kwenye karatasi, akaondoka bila kungoja ahsante. Huyo ndiye wa kwanza kwenye shukrani zangu. Hapo ndipo nilipoweka nadhiri: Ilham akitoka kwa miguu yake, nitasoma maulidi na kulisha watu.

Siku ya tano alifungua macho akaomba chips. Na siku hiyohiyo daktari alituweka kwenye chumba kidogo chenye sanduku la tishu mezani, pamoja na mama mmoja wa ustawi wa jamii. Mtoto hakupewa vidonge, wakasema. Kwa siku kadhaa. Nani alikuwa na jukumu la dawa?

"Nilimkabidhi wifi yangu," nikasema. "Mkononi."

Walikwisha mpigia Rukia. Rukia alisema begi lilikuja na nguo tu. Vidonge hakuviona. Mama mtu ana kazi nyingi, alisema, labda alisahau.

Nikamgeukia Khamis. Alikuwa anatazama zulia. "Labda ulichoka siku ile," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mtu husahau."

Enhe. Mume wangu wa miaka kumi na mmoja.

Nitakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilirudi nyumbani nikapekua makabati. Nilitoa kila droo, nikamwaga pipa la taka sakafuni, natafuta kisanduku kile, maana nilianza kujishuku mwenyewe. Ndiyo kazi ya uongo unaosemwa na mtu mzima anayeaminika: unakufanya uhojiane na mikono yako.

Walifungua uchunguzi. Kwa wakati huo wote nilikatazwa kumpa mwanangu dawa. Mie! Wodini alimpa muuguzi. Tuliporudi nyumbani alimpa baba yake, nami nasimama jikoni nasikia kijiko kinagonga kikombe. Mama wa ustawi alikuja kila wiki, anafungua friji, anaandika. Alikuwa na adabu, sina ugomvi naye. Lakini nilijua kinachopimwa kwenye daftari lake: kama mtoto huyu abaki mikononi mwangu au aondolewe. Nilikuwa nikimtazama Ilham akila, nahesabu vidole vyake kama siku aliyozaliwa.

Walimwuliza Ilham pia. Alisema hajui. Hakumbuki.

Na Rukia? Rukia alikuja wodini na hotipoti, kavaa baibui jipya, anapokea pole. "Mie ndiye niliyemwokoa," anawaambia watu. "Bila mie angelala moja kwa moja." Wanawake wananitazama pembeni. Mmoja alinishika bega akanambia nipunguze kazi, dunia hii tunapita.

Wiki sita. Lile begi la Eid Mulhat aliliwahisha hospitali siku ileile, nami nililitia chini ya kabati na sikuligusa, maana lilinuka matapishi na marashi. Mwanzo wa kiangazi skuli walitaka nguo za kuogelea, nikakumbuka zimo humo. Nikalifungua. Kisanduku cha vidonge hakimo. Karatasi yangu haimo. Daftari limo, siku tatu tupu. Kwenye mfuko wa pembeni, wa zipu, mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa kalamu ya waridi.

Imeandikwa Kiingereza. Naitafsiri kama ilivyo.

"Mpendwa Mummy, natumai barua hii itakukuta salama. Mimi si mzima sana. Eid ilikuwa nzuri, nimepata viatu vya kung'aa lakini haviingii. Auntie anasema hakuna vidonge kwa sababu ndivyo vinavyonifanya mnene, na nikirudi nitakuwa mwembamba na wewe utashangaa, ni siri yetu. Ameviweka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Nakunywa maji ya njano kwenye sahani nyeupe. Yana harufu ya waridi, si mabaya. Leo nimetapika mara mbili. Wako mtiifu, Ilham."

Na chini ya jina lake, kama Wilfred, mstari mmoja zaidi. Huo nitakuja kuusema.

Maji ya njano ni kombe: aya za Qur'ani zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa kwa maji na marashi, mgonjwa anakunywa. Asinielewe mtu vibaya. Mie nimekua kwa kombe. Mama yangu yuko Wete, Pemba, na mpaka leo hunisomea kwenye simu. Kombe na vidonge havijawahi kugombana. Nilimpigia mwalimu aliyemwandikia Rukia, mzee wa watu, akaapa kwamba alimwambia: mpe hili, na dawa za hospitali ziendelee. Rukia ndiye aliyeona mtoto anafura, akaamua kuchagua kimoja.

Nilikaa sakafuni na karatasi ile mapajani. Kisha nikamwita Ilham.

"Mbona hukuniambia, mama?"

Akanitazama kama anayeshangaa. "Nilikuandikia. Hukunijibu."

Kwa serikali nilipeleka nakala ya barua nzima, neno kwa neno, sikuficha kitu. Wakamwuliza mtoto tena, na safari hii, kwa kuwa siri ilikwisha toka, akasema. Faili langu likafungwa, la Rukia likafunguliwa. Nilipewa barua ya mistari miwili. Asubuhi ya pili Khamis alikuwa kesha chukua kikombe. Nikamnyang'anya nikakoroga vidonge mwenyewe, nikampa Ilham. Alisema, "Nisamehe." Nilimwambia apeleke kwanza huo msamaha Thornton Heath ukapate sahihi.

Rukia alikana. Mtoto kaota, alisema, mtoto alikuwa na homa. Lakini mpishi wa watoto wadogo hawezi kuwa na faili kama lile, na chekechea wakamwachisha. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwamba mie nimemmwagia unga mjane wa watu. Kwamba nimemfundisha mtoto kuandika uongo. Nilikwenda kununua ndizi, mwanamke niliyekula naye daku akaniangalia akabadilisha foleni.

Basi nikakumbuka nadhiri.

Majani yalikuwa yanaanguka tena. Ilham kijikaratasi chake kilikuwa njano tangu kiangazi, vidonge vinapunguzwa kidogo kidogo, na kidevu chake kilikuwa kimerudi. Nikakodi ukumbi Tottenham, nikaalika kila mtu, na wa kwanza kumpelekea mwaliko alikuwa wifi Rukia. Khamis aliniuliza, "Unamwalika kwa wema?" Nikamjibu, "Shangazi wa mtoto asialikwe?"

Alikuja. Nilijua atakuja, asingekuja angekuwa kakiri. Kavaa vizuri, kakaa mbele, na kama ilivyo haki ya shangazi nikampa mrashi awanyunyizie watu marashi. Kaswida zikasomwa, watu wakasimama, wakakaa. Biriani ilikuwa inangoja. Ndipo Bi Shuwena, mkubwa wetu sote, akagonga kipaza sauti. "Leo siku ya kheri," akasema. "Wifi wawili hawa washikane mikono hapa, tusahau."

Nilikuwa namngoja yeye aseme hivyo. Nampenda Bi Shuwena kwa kuwa hajawahi kukosa kusema hivyo kwenye shughuli yoyote.

Nikasimama. "Nitashika mkono," nikasema. "Kwanza isomwe barua hii, watu wajue tunasahau nini."

Karatasi ilikuwa nakala, nzuri, iliyopigwa mashine. Nikamnyooshea Rukia, akasema hajui Kiingereza cha kusoma. Nikasema hilo nalijua. Nikampa Mulhat.

Ilham alikuwa chumba cha nyuma na watoto wenzake, hilo nililipanga. Mulhat sikumpanga vizuri, na hilo ni deni langu kwa Mungu. Alidhani ni dua au shairi la mtoto. Akaanza kwa tabasamu, anasoma Kiingereza kisha anatafsiri kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. Viatu havikuingia, watu wakacheka. Hakuna vidonge. Akaendelea kwa sababu mdomo ulikwisha tangulia. Kopo la biskuti juu ya kabati. Hapo alimtazama mama yake, na ukumbi mzima ukaona kwamba analijua kopo hilo na anajua liko wapi.

"Soma, mwanangu," nikasema.

Akasoma mpaka "wako mtiifu". Kisha akaiweka karatasi mezani, taratibu, akatoka nje bila koti.

Rukia alibaki na mrashi mapajani. Hakuna aliyemsogelea. Bi Shuwena alikuwa anatafuta miwani yake ambayo ilikuwa usoni. Rukia akasema, si kwa kipaza sauti, kwangu tu: "Nilimpenda."

"Sema ulichofanya," nikamwambia. "Sema tu."

Alisimama akamfuata bintiye. Mkono hatukushikana. Biriani ikaliwa, na wanawake walionigeuzia foleni walikuja mmoja mmoja kunambia mchele umeiva vizuri. Niliwatilia tena na tena. Mashallah, nilishiba siku ile kuliko Eid zote.

Sasa ule mstari wa chini. Nakala niliyompa Mulhat ilikuwa fupi. Kabla ya kuipiga mashine niliifunika sehemu ya mwisho kwa karatasi nyeupe. Kisha, niliporudi nyumbani, nikaona haitoshi, nikachukua mkasi wa jikoni nikaikata barua yenyewe, hapo chini ya jina, mstari ulionyooka. Kipande kile kiko ndani ya kisanduku kipya cha vidonge, kijumba cha Jumapili, ambacho sasa hakina kazi maana vidonge vimepunguzwa. Kimeandikwa: "Auntie amelala chini kanishika mkono na analia. Usimgombeze, Mummy."

Nimeugeuza mstari huo kila upande. Kuna siku nausoma nikasema, kumbe alijua! Analia, kopo liko hatua tano, na bado. Na kuna siku nausoma kama ulivyo. Kwa hiyo sikutaka ukumbi uusikie, maana wangemhurumia, na mie sikuwaalika watu mia kuja kumhurumia.

Mama mwenzangu wa kiti cha plastiki, nakuachia haya. Andika karatasi ya dawa mara mbili, moja ubaki nayo. Atakayemchukua mtoto atie sahihi, hata awe nani, hata akikucheka. Mfungulie mtoto begi siku ileile. Na mtoto akikuandikia, mjibu.

Wiki iliyopita tulikwenda kliniki, safari hii baada ya miezi mitatu, kwa miguu yetu, na viatu vya kung'aa vimemwingia. Samaki yupo. Saa bado iko mbele. Hatujui Wilfred alipona au hakupona, barua zinaishia tu. Ilham anashikilia kwamba alipona na mama yake akakosa la kuandika. Alisimama mbele ya ile barua fupi, akaweka kidole kwenye kioo, pale palipokatwa.

"Mummy," akasema, "Auntie ulimwonesha pale chini nilipoandika usimgombeze?"

Muuguzi akaita jina letu. Nikachukua begi, nikamshika mkono.

"Bado," nikamwambia.